Wimbo Una Mwenyewe

Wiki nzima nimepokea barua za kunisihi nimzuie Madam Estella asifungue ule mlango. Mmechelewa, jamani. Kitasa kilishazunguka.

Alichokiona ndani ya chumba cha kubadilishia nguo ni hiki: mumewe, Malachy Tuohy, ameishika mikono yote miwili ya Sabina Mulqueen na kuivutia kifuani kwake, macho yamemlowa. Ni Malachy huyu huyu mpiga fidla, ambaye katika miaka kumi na minane ya ndoa hakuwahi kutoa chozi, hata siku aliyong'olewa gego bila dawa.

Na alichokisikia ni hiki:

"Nakusihi, Sabina. Mke wangu asijue. Akijua, mimi basi tena."

Madam Estella hakupiga kelele. Mwanamke aliyeimbia wachimba dhahabu kuanzia Ballarat hadi Bendigo anajua namna ya kuingia mahali. Aliingia, akausukuma mlango kwa kisigino ukafunga, akavua glavu moja, kisha ya pili.

"Asijue nini?" aliuliza.

Mikono iliachana. Sabina akawa mwekundu mpaka masikioni. Malachy akaanza kuitafuta fidla yake chumba kizima, na fidla ilikuwa mezani mbele ya tumbo lake.

"Binti anataka kurudi kwao," alisema. "Nilikuwa namwomba avumilie tumalize onyesho la leo."

"Na hilo mimi nisijue kwa nini? Ningemsaidia kufunga sanduku."

Sabina alikuwa anatazama viatu vyake, vile vyeusi vya kufunga kwa kamba, ambavyo Malachy ndiye aliyemchagulia kule Melbourne. Madam Estella navyo alivitazama. Roho ilimwuma tangu siku viliponunuliwa.

"Kuna jambo la pili," aliendelea. "Nilipokuwa nje nimesikia mtu anaimba humu ndani. Ameimba 'Mlango Usiofungwa'. Wimbo wangu. Nani kamfundisha?"

Sabina aliinua uso, akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, Malachy alimtangulia.

"Mimi," alisema. "Nimemfundisha mimi."

Mdomo wa Sabina ulibaki wazi kidogo, kisha ukafumba. Madam Estella aliliona hilo, akalielewa anavyotaka yeye. Alivaa glavu zake na kutoka.

Kwa wale mliojiunga nasi leo: msidhani mama huyu alizaliwa na kijiba cha roho. Wiki tatu tu nyuma alikuwa anacheka kama mtu mwingine yeyote. Alikuwa na miaka thelathini na minane, alikuwa na jina, na kila Sikukuu ya Mtakatifu Patrisi watu wa mji wetu huu wa Koroit waliacha viazi vyao shambani wakaja kumsikiliza. Bango lilisema "Madam Estella, Chiriku wa Clare," na mchana huo wa mwaka 1881 lilikuwa limebandikwa kuanzia kanisani hadi kwa mhunzi.

Ila ile sauti ya juu, ile iliyokuwa inakwenda mpaka kwenye dari na kukaa huko, ilimkimbia tangu baridi iliyopita. Malachy akaenda bandarini Melbourne meli ilipotia nanga, akarudi na msichana wa miaka ishirini, aliyesema ametoka Limerick, mwenye nywele za rangi ya shaba na koo lisilojua kuchoka. "Atakusaidia tu," alisema.

Alisaidia kweli. Siku ya tatu wanawake wakaanza kumwulizia Sabina. Siku ya kumi jina lake likapanda kwenye bango. Wiki ya pili Malachy alianza kukaza nyuzi za fidla juu kidogo, zimfae msichana, na Madam Estella ndiye akawa wa kuhangaika kuzifikia.

Hata asubuhi ile walipokuwa wanaingia Koroit, gari lao la farasi lilipita kando ya makaburi. Makaburini kulikuwa na mzee mmoja mwenye ndevu za mvi, mguu wa kushoto haukunjiki, anakwenda kaburi hadi kaburi, anainama, anasoma jina kwa kidole, anaendelea. Sabina alimpungia mkono, na yule mzee akainua kofia.

Madam Estella akamkata jicho. Hata vibabu vya makaburini, alijisemea, huyu mtoto lazima navyo avitie mfukoni.

Basi huyo ndiye mama aliyekuwa anashuka kuelekea ukumbini, glavu mkononi na moto kifuani. Mume anachukuliwa. Hilo peke yake angeweza kulilia. Lakini wimbo ule alipewa na mama yake mzazi jikoni kwao siku moja kabla ya kupanda meli, na ndicho kitu pekee alichotoka nacho kwao Clare, ng'ambo ya bahari, ambacho hakikuoza, hakikuibwa wala hakikuuzwa. Na Malachy kamgawia mwingine, kama mtu anayegawa mkate.

Hakuenda kulia. Alikwenda kupanga.

Sasa, ninyi mnaotujua sisi watu wa Koroit mnaujua mwito. Kwenye sikukuu yetu hakuna ratiba iliyoandikwa. Anayemaliza kuimba ndiye anayemwita anayefuata, kwa jina, na anaweza kumtajia wimbo pia. Aliyeitwa hakatai. Hata awe amefiwa jana, atasimama. Na kabla hajaimba, sharti aseme mbele ya watu wimbo ule kaupata kwa nani, kwa sababu kwetu wimbo una mwenyewe. Mwenyewe akiwa hai, huugusi ila kwa ruhusa yake.

Mnaona alikokuwa anakwenda? Atamwita Sabina. Atamtajia wimbo. Na Sabina atasimama mbele ya watu mia mbili, wake kwa waume, aseme kwa kinywa chake kwamba kafundishwa na Malachy Tuohy, nyuma ya mlango uliofungwa.

Saa nane mchana ukumbi ulishajaa. Harufu ya paja la nguruwe na mkate wa magadi ilikuwa inatoka chumba cha nyuma, na wanaume walikuwa na majani ya kijani kwenye kofia na wiski kwenye vikombe vya chai. Mzee Bartley Keane, mkulima wa viazi na mkuu wa sherehe, alikaa mbele na fimbo yake. Pembeni yake alikaa Bi Cusack, bibi wa miaka themanini, anayejua nani kaimba nini mwaka gani na nani alikosea ubeti wa pili.

Mzee Bartley alifungua kwa kumwita Madam Estella, kama kila mwaka. Madam akawaimbia wimbo wa kuchekesha juu ya mganga wa farasi, mwepesi, usio na sauti ya juu hata moja. Watu wakacheka mpaka mabenchi yakalia. Akainama, akashukuru, na mwito ukawa mkononi mwake.

Alimtazama mumewe kwanza. Malachy alikuwa amekaa pembeni ya jukwaa na fidla begani, na nadhani alishaanza kunusa, maana upinde ulishuka pole pole.

"Namwita Sabina Mulqueen," alisema Madam Estella. "Na namwomba 'Mlango Usiofungwa'."

Minong'ono ikapita ukumbini. Wote waliujua wimbo ule na mwenyewe. Bi Cusack alimgeukia Mzee Bartley kumwuliza kama kasikia sawasawa.

Sabina alisimama, rangi yote imemtoka. "Madam, nitajie mwingine wowote. Tafadhali."

"Kwani huu huujui?"

"Naujua."

"Basi imba."

Malachy akaruka kutoka kwenye kiti chake. Alisema binti ana koo bovu, amelala anakohoa, yeye mwenyewe kamsikia. Wanaume wa nyuma wakaangua kicheko, na mmoja akataka kujua alimsikia akiwa wapi. Madam Estella alikunywa kicheko kile kama dawa. Kilimpoza na kilimchoma papo hapo.

"Nilitoa ahadi sitauimba hapa," alisema Sabina kwa sauti ndogo.

"Kwa nani?" aliuliza Mzee Bartley.

Mzee Bartley akagonga sakafu kwa fimbo, akaamua: mwenye wimbo ndiye aliyeita, ruhusa imetoka kwake, na ahadi haiwezi kushinda mwito. Bi Cusack akaongezea kwamba yeye mwenyewe aliimba akiwa na uchungu wa mtoto wa nne, kwa hiyo koo asiambiwe.

"Kwanza taja," alisema Madam Estella kwa upole uliotisha. "Waambie watu umeupata kwa nani."

Malachy alikuwa anatikisa kichwa, midomo inasema neno moja bila sauti: usitaje. Mkewe aliuona mdomo ule. Alijua kwamba dakika moja ijayo maisha yake ya ndoa yatakuwa kitoweo cha Koroit nzima, na alikuwa tayari, mradi asiliwe peke yake.

Sabina alikunja mikono mbele ya sketi. Alikuwa msichana aliyelelewa vizuri, na kwenye mwito huongopi.

"Wimbo huu nimeupata kwa Bi Peig Tarpey, wa Kilbaha, katika Clare," alisema. "Mimi ni wa huko. Limerick nilipandia meli tu. Bi Peig ni jirani yetu, mlango kwa mlango. Ni mzee sana sasa, haoni. Wimbo alimpa binti yake Onora, lakini Onora alishafariki, ndiyo maana mimi nikaruhusiwa kujifunza. Alifia nchi hii. Alizikwa hapa hapa Koroit."

"Mungu amrehemu," walisema watu mia mbili, wakapiga ishara ya msalaba.

Mkono wa Madam Estella nao ulipanda kwenye paji la uso kwa mazoea, ukashuka kifuani, ukaenda bega la kushoto. Hapo ukasimama.

Kwa sababu Onora Tarpey ni yeye.

Hakuna mtu ukumbini aliyelijua jina lile ila mtu mmoja, naye alikuwa ameinamia fidla yake kama anayetaka kuingia ndani. Miaka kumi na sita nyuma Malachy ndiye aliyemwambia kwamba jina la Onora Tarpey halijazi ukumbi. Yeye ndiye aliyemchagulia Estella. Yeye ndiye aliyemshauri asimtaje mama kwa jina, aseme tu "nimeupata kwa mama yangu", inapendeza zaidi.

Sabina alianza kuimba. Hakungoja fidla.

*Mlango sikuufunga, mshumaa nimewasha,*
*Mwanangu ukirejea, giza lisije kutisha.*

Aliimba polepole, kama wanavyoimba wazee wa Kilbaha, bila kurembesha. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Onora alimeza kila neno. Hata wivu ulikuwa bado upo, msidanganyike; aliposikia sauti ya juu imepanda na kukaa, alitamani imkwame yule mtoto kooni.

Beti tatu ndizo Onora alizofundishwa jikoni. Wimbo ulikuwa unaisha hapo, na watu walishainua mikono wapige makofi. Sabina hakukaa. Alivuta pumzi.

*Mlango nimeufunga, mshumaa nimezima,*
*Onora kazikwa mbali, hatarudi kwake mama.*

Hakuna aliyepiga makofi. Bi Cusack alikuwa analia waziwazi, anapangusa pua kwa ncha ya shali.

Mama yake ameufunga mlango. Mama yake, ambaye yeye miaka yote hii alimlaumu kwa ukimya, akamwita mwenye roho ngumu, akakataa kumtaja mbele ya Malachy hata Krismasi. Kumbe kule ng'ambo bibi kipofu anamlilia mtoto aliye hai.

Lazima niwaambie jambo ambalo yeye mwenyewe aliliona aibu. Onora hakujua kusoma. Kwao shule ilikuwa ya watoto wenye viatu. Kila barua iliyotoka nyumbani aliisoma Malachy, na kila iliyokwenda aliiandika Malachy. Barua ya mwisho ilikuja miaka kumi na sita iliyopita, wakiwa Koroit hii hii. Malachy alimsomea kitandani: mama hajambo, ng'ombe amezaa ndama mwekundu. Baada ya hapo kimya.

"Binti," alisema Mzee Bartley taratibu, "mwito ni wako. Mwite mtu."

Sabina aligeuka. Masikini, alitaka kupatana. "Namwita Madam," alisema. "Wimbo wowote. Kwa sababu wewe una haki kuliko sisi sote."

Onora alikwenda katikati ya jukwaa.

"Nimeitika," alisema. "Sharti nitaje nilikoupata wimbo wangu, na miaka tisa mbele yenu sijawahi kutaja vizuri. 'Mlango Usiofungwa' nimeupata kwa Peig Tarpey wa Kilbaha. Ni mama yangu. Mimi ndiye Onora."

"Mwanangu," alisema Bi Cusack, "si tumemaliza kukuombea rehema sasa hivi?"

"Mmeniombea, Bi. Ahsanteni. Itanifaa."

Sabina alikuwa amefunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Akatafuta ukuta, akauegemea.

"Mimi nimekwisha kusema langu," aliendelea Onora, "na mwito ni wangu. Namwita Malachy Tuohy. Asiimbe, aseme tu. Atuambie hii habari ya kifo changu kaipata kwa nani."

Mwito haukataliwi. Malachy aliiweka fidla chini, akainuka, na kwa mara ya kwanza mkewe aliona jinsi alivyozeeka.

"Sikuipata kwa mtu," alisema. "Niliiandika mimi. Nilimwandikia mama yako kwamba homa imekuchukua na tumekuzika Koroit, kwa kuwa ndiko tulikokuwa juma lile."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya barua yake. Ile ya ndama."

"Ng'ombe kuzaa ndiko kulikokufanya uniue?"

"Hapakuwa na ndama. Hapakuwa na ng'ombe." Alilamba midomo. "Barua ilisema Fintan Considine yu hai."

Mnamkumbuka Fintan. Niliwasimulia mapema kabisa: mume wa kwanza wa Onora, walikaa pamoja miezi miwili, kisha akavuka kwenda Uingereza kuchimba njia ya reli ili wapate nauli ya meli. Handaki likaporomoka. Orodha ya waliokufa ikaja Kilbaha na jina lake limo. Onora akavaa nyeusi, kisha akapanda meli mjane wa miaka kumi na tisa.

"Walimtoa," alisema Malachy. "Alilala hospitalini miaka miwili hajui hata yeye ni nani. Alipopata akili akarudi kwenu, na wewe umeshaondoka. Mama yako aliandika kwamba Fintan anakuja kukutafuta, ananunua tiketi. Ungefanya nini ungekuwa mimi?"

"Ningesoma kilichoandikwa."

"Ulikuwa unamtaja usingizini!" Hapo sauti ilimpasuka. "Mwaka mzima wa kwanza. Mimi nimelala pembeni, nakusikia. Nilistahimili, nikasema huyu ni marehemu, mwanamume hashindani na marehemu. Halafu naambiwa hata hajafa. Nilimwonea wivu mpaka mkono ukaandika wenyewe. Na leo asubuhi huyu mtoto ananiimbia ule ubeti wa nne chumbani, anauliza kama kaburi nalijua. Nikamsihi asiuimbe. Nilikwambia nimemfundisha mimi kwa sababu ni afadhali unione mzinzi."

Onora alimtazama mtu huyu. Wiki tatu ameunguza roho yake juu ya jozi ya viatu vyeusi na bango. Wiki tatu amemchukia msichana asiye na kosa. Na kumbe mwenye wivu wa kweli ndani ya nyumba ile hakuwa yeye hata kidogo. Alijiona mjinga, na hasira ilipokuja haikuwa na mahali pa kukaa.

"Yuko wapi sasa?" aliuliza. "Fintan. Alikufa lini?"

Malachy akasema hajui. Hakuwahi kuandikiwa tena.

Hapo ndipo Sabina alipojitoa ukutani.

"Madam," alisema, "mzee Fintan hajafa. Nimekuja naye meli moja."

Fimbo ya Mzee Bartley ilianguka.

"Hakuoa tena," alisema Sabina, na machozi yanamwendea. "Kila mwaka alisema atakuja kumwekea mkewe jiwe. Bi Peig akampa mshumaa wa dirishani, ule ule, auwashe kaburini. Nilipomwambia kundi letu linakuja Koroit, akatembea kwa mguu kutoka mji wa Warrnambool. Ule mguu wake mbovu. Leo asubuhi nilimpungia mkono, ukaniangalia vibaya."

Ndevu za mvi. Kidole kinasoma majina. Onora alipita pale, kwenye gari, hatua kumi kutoka kwake, na akamcheka rohoni.

Alishuka jukwaani. Watu walimfungulia njia bila kuambiwa. Malachy alimshika mkono wa gauni alipopita.

"Onora," alisema.

Miaka kumi na sita hajamwita hivyo. Onora aliutazama ule mkono mpaka ukaachia, akatoka nje kwenye jua.

Makaburi yako ng'ambo ya barabara, tunaokaa hapa tunajua, si mbali. Lango ni la chuma na linalia ukilisukuma. Lilipolia, mzee yule hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti kwenye kona ya mwisho, mbele ya kaburi lisilo na jina. Baada ya kukosa lenye jina alikuwa amejichagulia lile. Amelipalilia magugu yakaisha, ameukita mshumaa kwenye udongo, na anapambana na upepo kwa njiti ya kiberiti.

Onora alitaka kumwita kwa jina. Jina lilikataa kutoka. Ndipo akafanya kitu pekee alichokijua maishani mwake, tena bila kujali ile sauti ya juu kama itapanda au haitapanda.

*Mlango sikuufunga, mshumaa nimewasha…*

Mgongo wa mzee ulikakamaa. Njiti ikazimika. Alitoa nyingine, na alipoongea aliongea na kaburi, kwa heshima, kama mtu anayemsahihisha mgeni.

"Unaimba vizuri, dada," alisema. "Ila huo wimbo una mwenyewe. Mwenyewe amelala hapa chini."

Njiti ilishika, na mshumaa ukawaka. Alikuwa bado hajageuka, na nyuma ya Onora lango la chuma lililia kwa mara ya pili: Malachy alikuwa amemfuata.